Baiskeli Isiyosukumika

Nakivale, upande wa Base Camp
Mwezi wa saba

Kwa mama yangu mpendwa, huko Sange,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana, na magoti yako nayasalimu kivyake, kwa kuwa najua yana maneno mengi kuliko wewe. Bado yanakusumbua wakati wa baridi? Ile dawa ya kupaka ilikufikia? Baba mdogo Mateso amemaliza kuezeka upande unaovuja, au bado anangoja mvua imkumbushe? Sisi huku tu wazima. Watoto wanakula na kukua, mashine yangu ya kushona bado inashona, mvua ilikatika mapema na maharage yakawa madogo madogo, lakini hatujalala njaa. Hayo ndiyo mema. Sasa kaa vizuri, Mama, uegemee ukuta, maana nina mambo ambayo kwenye simu hayaingii. Kila nikianza kukueleza, vocha inaisha kabla sijamaliza kukasirika.

Ni huyu kitinda mimba wako, Bahati. Unajua anataka kumwoa Neema, binti wa wale watu wa Mwenga walioingia hapa kambini kupitia kituo cha Kabazana. Ni msichana mwenye adabu, anacheka kwa kiasi, na akija kwangu ananishonea vifungo bila kuombwa. Kijana amependa kweli. Neema akipita, hata kijiko kinamponyoka mkononi. Na mambo yana haraka, kwa sababu jina la familia yao limeanza kuitwa kwenye mahojiano ya safari ya Amerika. Wakiondoka kabla ya ndoa, Neema ataondoka na wazazi wake, na Bahati atabaki hapa kutazama vumbi la gari. Lakini hata kwa haraka hiyo nilisema harusi itafuata njia. Ukimbizi umetunyang'anya mengi, utuachie angalau hili la kwenda kwa watu, kukaa kwenye mkeka wao na kuomba binti kwa maneno yaliyopangwa.

Tukaenda. Msemaji wetu alikuwa jirani yetu Mzee Kalonda, katekista wa zamani, mwenye sauti ya kuhubiria uwanjani. Baba Neema akatusikiliza, kisha akataja vyake. Mbuzi, tukakubali. Jembe, blanketi, kitenge cha mama, tukakubali. Mwisho akasema, "Na kinga moja." Basi, hakuongeza neno. Mzee Kalonda akatikisa kichwa kukubali, nasi sote tukatikisa vichwa. Kinga ni baiskeli, nani asiyeijua? Hata wewe ungetikisa kichwa, Mama.

Bahati alifyatua matofali kiangazi kizima kwa ajili ya hiyo baiskeli, mpaka viganja vikawa vigumu. Hapo namsifu. Alipokuwa tayari nikamwambia, nenda Mbarara, nunua ile nyeusi, ndefu, ya chuma, kama ya Baba Zawadi. Wala sikumwachia kukisia. Baiskeli ya mume wangu ilikuwa imesimama pale ukutani, gunia la mahindi ya watu liko juu ya keria, linangoja kwenda kusagwa. Nikamwonyesha kwa kidole. "Kama hii," nikasema. "Ndiyo, yaya," akaniitikia mimi dada yake. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu wako, Mama, anavunja miguu ya wenzake.

Alirudi jioni juu ya lori la ndizi, amekumbatia kitu chekundu chenye mistari ya njano. Magurudumu manene, yenye meno kama ya trekta. Springi mbele, springi nyingine chini ya kiti. Gia zimepangana nyuma kama sahani, na vinyuzi vya chuma vinapita huku na huku. Bomba la juu, ambalo kwenye baiskeli ya mtu mwenye akili linalala sawasawa, hili linateremka kama paa la banda. Haina keria. Haina madigadi. Haina stendi, kwa hiyo ukiiacha inalala chini kama mlevi. Hata kengele haina!

"Bahati, hii ni nini?"

"Njo kinga ya milima, yaya. Iko ya batu benye banaanza."

Ikabidi nikae chini. Kumbe siku moja alikwenda Bwizibwera kushusha mikebe ya maziwa, akaona wazungu wawili wenye kofia ngumu wakiteremka kilima kwa baiskeli za namna hiyo, wakiruka mawe na kucheka. Tangu siku hiyo moyo wake ulikuwa umeshapotea. Alipofika Mbarara akaingia kwenye duka la Hajji mmoja, mtu mtaratibu, na Hajji akamwuliza baiskeli ni ya nani na itapita wapi. Bahati akasema ni ya mzee, ya njia za vilima, na kwamba hajawahi kumwona huyo mzee juu ya baiskeli. Hajji akamwambia, "Sebo, basi chukua hii gaali. Hii iko ya mutu mupya. Mawe, mulima, njia mbaya, yeye anapita tu. Hata kama hajajua kupanda, hii inamusaidia." Na mwanao akaamini, eti kwa sababu Hajji alizungumza naye kwa upole. Mimi niliyemlea kwa upole tangu hajaota meno yote, maneno yangu yaliishia wapi?

Kuirudisha hakukuwezekana, maana siku ya kupeleka vitu ilikuwa kesho yake, watu wameshaalikwa na kina mama wa kanisa wameshakanda mandazi. Nikajipa moyo kwamba labda watapenda rangi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Unajua msemaji hasogezi kitu mbele ya wakwe kimya kimya, lazima akisifu. Mbuzi akawasifu vizuri, blanketi akalisifu mpaka nikatamani niwe nalo. Ilipofika zamu ya baiskeli, Mzee Kalonda hakuwa na sifa zake mwenyewe, maana hakuielewa hata yeye. Kwa hiyo njiani alikuwa amemwuliza Bahati, na Bahati akampa maneno yote ya Hajji. Mzee akasimama, akainua mkono, akanguruma, "Bakwe zetu, hii haiko kinga ya kila mutu. Hii ilitengenezwa juu ya mutu anaanza, mutu hajue kupanda. Hata kama haujue, itakubeba!"

Mama, Baba Neema ana mvi kichwa kizima. Mbele ya shemeji zake wote, mbele ya kina mama na mandazi yao, anaambiwa ameletewa chombo cha kujifunzia. Nilivuta kitenge nikaziba mdomo. Baba Neema aliinuka, akaizunguka baiskeli, akabonyeza kiti kwa kiganja. Kikashuka, kikapanda. Akabonyeza tena. Kisha akaita, "Leteni gunia ya mihogo."

Likaletwa. Wakalilaza juu ya lile bomba, likateleza mpaka kwenye kiti. Wakalirudisha, wakalishika wawili, na springi zikaanza kushuka, zikashuka, mpaka baiskeli nzima ikainama mbele kama inayotubu. Halafu ikaanguka ubavu, na mihogo ikatawanyika uani. Kina mama walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Mihogo nitaweka fasi gani?" Baba Neema akauliza.

Hapo bwana harusi alipaswa kunyamaza. Ndiyo kazi yake pekee siku ile, kunyamaza na kuangalia chini! Lakini Bahati akaruka. "Baba, hii haiko ya muzigo, iko ya kupanda, uangalie!" Akaipanda, akateremka nayo kilima kile cha kwao, miguu imetanuka, shati linapepea. Kwa kweli aliruka mawe mawili vizuri. Jiwe la tatu likamwingiza kwenye maharage ya jirani, mnyororo ukatoka, na kwa muda tukaona gurudumu moja tu linazunguka juu ya majani. Akarudi kwa miguu, goti linavuja damu, anaisukuma.

Baba Neema akamngoja mpaka alipofika. "Munaona," akasema. "Hata yeye anaisukuma. Kwetu kinga hatupandake, tunasukumaka. Nani aliwaambia mimi napandaka kinga?"

Hakuna aliyetuambia, na hakuna aliyeuliza. Kumbe mzee yule, katika maisha yake yote, hajawahi kuweka makalio yake kwenye kiti cha baiskeli. Kwao Mwenga njia zinapanda kama ukuta. Mtu anafunga kijiti kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, analaza magunia juu ya bomba, kisha anatembea kandokando akiisukuma mpaka sokoni. Kwake yeye baiskeli ni punda. Sisi tulikulia na marehemu Baba, mwalimu, aliyepanda yake kila asubuhi akiwa amefunga suruali kwa kamba. Na Bahati amekulia huku, ambako kila baiskeli ina abiria nyuma. Siku ile tulipotikisa vichwa, kila mmoja alikuwa na baiskeli yake kichwani.

Mbuzi wakabaki, jembe na blanketi vikabaki, baiskeli ikarudi nasi. "Kinga ikifika, binti ataondoka," Baba Neema akasema, na mlango wa maneno ukafungwa. Neema nilimwona kando ya jiko, anafuta macho kwa mkono wenye majivu.

Nikampeleka Bahati Mbarara mimi mwenyewe. Hajji alitukaribisha vizuri, akatupa viti na chai ya tangawizi, akasikiliza habari yote na kusikitika kweli. Kisha akapitisha kidole kwenye gia, akaona udongo na jani moja la maharage. "Mama, gaali ikishapanda mulima imekuwa ya kwako," akasema. Angeweza kuichukua kama mtumba, lakini alichotaja hakingenunua hata gurudumu la ile nyeusi. Tukanywa chai tukarudi nayo. Base Camp hakuna aliyeitaka. Wanakuja, wanabonyeza springi, wanacheka, wanakwenda zao. Ikalala ndani ya nyumba yetu, na mimi kila nikiinuka kwenye mashine nagonga muundi wangu kwenye pedali yake. Watoto wakaanza kuanikia nguo juu yake.

Wakati huo mahojiano yao yalikuwa yanaendelea, Bahati hali chakula vizuri, na mimi usingizi umenikimbia. Nikamchukua Mzee Kalonda tukarudi kwa Baba Neema, tumwombe aipokee hii hii kwa sasa, nyeusi itakuja. Alikataa kwa heshima. Akakataa mara ya pili. Basi nikasema maneno, Mama. Nikamwambia anamzuia mtoto wake kwa sababu ya vyuma, kwamba vijana wanateseka na yeye anafikiria mihogo, kwamba tuko ukimbizini na siyo Mwenga. Mzee Kalonda alinivuta kitenge, nikakivuta na mimi.

Baba Neema hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Mama Zawadi, kwako wewe walileta nini?"

Jibu unalo wewe. Mwaka ule wa vita, wewe umebaki kumwuguza bibi, mimi njiani na Bahati mgongoni, nikakutana na Sadiki ambaye hata viatu hakuwa navyo. Alimbeba Bahati nilipochoka, na hakumtua. Mchungaji mmoja alituombea chini ya turubai, asubuhi tukaendelea kutembea, na hivyo ndivyo nilivyoolewa. Hakuna aliyekuja kwako. Hakuna aliyeketi kwenye mkeka wa baba mdogo Mateso akanisifu.

"Hakuna kitu," nikamjibu.

"Aa," akasema. "Basi haiko kosa yako. Haukuona namna inafanyikaka."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilirudi nyumbani nikilia barabarani kama mtoto aliyepotea sokoni, na nilipofika nikamwambia Sadiki kila neno, huku nikigonga vitu. Nilimkasirikia Bahati, Hajji, Mzee Kalonda, watu wote wa Mwenga, na yeye mwenyewe aliyekuwa amekaa anaziba pancha. Unamjua kwa simu, ni mtu wa "eeh" na "haya". Alisema "eeh," akaendelea na pancha yake.

Asubuhi yake akashusha magunia ya watu kutoka kwenye keria. Akaiosha baiskeli yake nyeusi kwa sabuni, akatia mafuta mnyororo, akafunga kijiti kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti. Nilidhani amepata kazi ya kubeba kuni. Akampitia Mzee Kalonda wakaondoka, na wala hakuipanda, aliisukuma. Yaliyofuata nilisimuliwa na Neema. Mzee Kalonda safari hii alisifu kwa ufupi: "Hii inasukumwaka." Baba Neema akalaza gunia juu ya bomba, akaisukuma kuzunguka ua, akarudi, akampa Sadiki mikono miwili. Harusi itakuwa baada ya kuvuna mtama, kanisa limekubali, na kwenye yale mahojiano Neema ameandikisha kwamba ana mchumba. Bahati alicheza ngoma bila ngoma.

Na mimi? Mama, nilipiga kelele mpaka jirani Mrundi akaja kuuliza nani amefariki. Ile baiskeli ndiyo iliyokuwa inatulisha! Kila unga unaoingia nyumba hii umepanda kwenye ile keria. "Sasa tutakula springi?" nikamwuliza. Akasema atakodi ya jirani, na Bahati ataanza tena matofali ili wanunue nyingine pamoja, ndivyo walivyopatana. Na ile nyekundu Bahati amemwachia yeye, badala ya nyeusi.

"Na utaifanyia nini?" nikasema. "Haina keria, haina kazi."

"Iko ya mama yako," akasema.

Nilicheka, lakini si kicheko kizuri. Nikamwambia mama yangu ni mzee, atapanda milima gani.

"Siulize kama atapanda. Siku ile sikukuwa na kitu mu mukono. Leo niko nayo. Umutumie." Akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Mimi nikakaa kwenye mashine, na uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, nikajaribu mpaka nikauacha.

Kwa hiyo, Mama, anayekuletea barua hii ni Mama Solange, yule mfanyabiashara wa vitenge wa Uvira anayefika mpaka Mbarara. Nimemwomba akupe barua kwanza, na kile kitu akiache kwa jirani mpaka uwe umesoma. Najua utakavyokiona. Rangi yake inapiga kelele. Hakisukumiki, na wewe hutakipanda. Baba mdogo Mateso atabonyeza springi na kucheka, na vijana wa kanisa wataomba kukizungusha. Kiuze, kianikie nguo, kipe kwaya, mimi sitauliza. Nimechoka na kile kitu.

Lakini kabla ya hayo, tandika mkeka. Mwite baba mdogo Mateso aketi upande wa marehemu Baba, na shangazi Feza aje na sauti yake. Mama Solange ndiye msemaji wa Sadiki. Nimemfundisha maneno, na nimemkataza kabisa kusema ni ya mtu anayeanza. Akimaliza, msikikague wala msikibishie bei. Pokeeni kwa mikono miwili, mbele ya majirani, halafu unibip nikupigie, nisikie shangazi akipiga vigelegele. Nina watoto wanne, Mama, na mvi zimeshaingia. Nataka kuolewa.

Msalimie baba mdogo na umwambie paa kwanza, springi baadaye. Msalimie shangazi Feza aliyenilea nilipoachishwa ziwa, na mjomba Kashindi mwenye mashua, na mke wake ambaye bado ana sufuria yangu. Zawadi na wadogo zake wanakuamkia. Bahati anakusalimu na goti lake limepona. Sadiki yuko mlangoni hapa, nimemwuliza kama ana neno kwako, amesema "eeh."

Mungu akutunze mpaka tuonane kwa macho.

Mimi binti yako,
Furaha,
mke wa Sadiki, ukikubali.